Kifaransa cha Mtungi wa Mwila

Jumatatu asubuhi, nyuma ya stesheni ya Kamina, Mwila alikuwa anachuja munkoyo kwa kipande cha pazia la zamani. Uji wa mahindi alikuwa ameupika juzi, akautia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ukageuka mtamu bila kuonja sukari. Ukiwa bado mchanga hivyo, watoto huunywa wakienda shule na mapadri huunywa wakitoka misa. Unaobaki Mwila huutia kimea cha mtama, huufunika, huuacha uchemke kwa hasira zake wenyewe, na baada ya siku kadhaa ni pombe ya watu wazima. Ufundi wote ndio huo. Kina mama wengine wa mtaa ule wanafanya vilevile, na baadhi yao wana mitungi mizuri kuliko yake.

Tofauti ni kwamba pombe ya Mwila ilikuwa na Kifaransa ndani.

Sasa, mlevi kusema Kifaransa si habari. Mjini kwetu mtu akishapata vikombe viwili utamsikia "franchement" na "voilà" mpaka majirani wachoke. Lakini hicho ni Kifaransa chake, alichokiokota mwenyewe njiani, chenye viraka. Cha Mwila kilitoka mtungini. Mtu ambaye hajawahi kushika chaki alikunywa, Kifaransa kikamjia kimenyooka, na vidole vyake vikaota madoa ya wino. Pombe nyepesi ilileta Kifaransa cha darasa la tatu. Iliyokaa zaidi ilileta cha mtu mwenye diplôme ya sekondari. Iliyopita hapo ilileta cha chuo kikuu, kile cha watu wanaosema sentensi ndefu huku wamefumba macho. Na Kifaransa kikishaingia, Kiswahili na Kiluba vilitoka nje kukipisha, vikarudi kichwa kilipotulia. Wake za watu walilalamika mwanzoni. Mmoja alisema mumewe alirudi nyumbani akaomba chakula kwa adabu nyingi mno hata akadhani anaachwa. Baadaye walizoea, maana mtu huzoea.

Kaka mkubwa wa Mwila, Umba, hakuwa mnywaji. Alikuwa mkulima, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na alikuwa na shamba kandokando ya reli, upande wa kwenda Bukama. Shamba lile alilifyeka mama yao, Kisimba, kwa mikono yake, na alipokufa akazikwa humohumo, juu kidogo, penye udongo mwekundu. Udongo ule mwekundu ndio uliomponza Umba. Siku moja alifika na jembe lake akakuta vijana wanachimba mashimo na kufyatua matofali. Aliwauliza wametoka wapi. Msimamizi wao, mtu mpole aitwaye Tshiala, alimjibu kwamba wao wanatumwa tu, mwenye kazi ni Kalunga wa matofali, na Kalunga ana karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo ilikuwa ya Kifaransa. Umba aliitazama juu, akaitazama chini, akairudisha.

"Papa, usikasirike," Tshiala alisema. "Shiye tunasikilizaka karatasi. Leta yako, tutasikiliza yako."

Shimo la mwisho lilikuwa limebakiza hatua chache tu kufika kwenye kaburi.

Kwa hiyo Umba alikwenda ofisini. Ofisi gani, tuliache jina lake. Mkoa ni mdogo na watu wana masikio. Mkubwa wa pale aliitwa Théo. Kijana wa palepale, amelelewa kwa Kiluba, na Jumapili barabarani alikuwa anamwamkia Umba kwa Kiluba, kwa mikono miwili, kama anavyoamkiwa mzazi. Lakini ndani ya ofisi Umba alipofungua mdomo tu, Théo aliinua kidole.

"En français, papa."

"Minyi sijue Kifaransa, mutoto wangu. Weye unajua sijue."

"Hapa ni bureau, papa. Hapa tunasema Kifaransa. Lakini usiogope, kuna mukalimani."

Mkalimani wa ofisi alikuwa Ézéchias, shemeji ya Théo, na sheria ilikuwa kwamba hakuna mkalimani mwingine. Umba akaeleza. Alieleza jinsi mama yake alivyochoma visiki, jinsi walivyopanda karanga mwaka wa njaa, jinsi alivyomzika pale kwa sababu mwenyewe aliomba, na jinsi mashimo yanavyomsogelea mama wa watu amelala. Alieleza mpaka sauti ikamkauka. Ézéchias alimsikiliza kwa makini, akamgeukia Théo, akasema:

"Il salue."

Yaani, anasalimu. Théo alifurahi, akatoa salamu zake pia. Ézéchias akamwambia Umba kwamba chef amesikia. Umba alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wa ofisi, akalia. Hakulia kwa siri wala kwa aibu. Aliumia, akalia, akajifuta na shati, akaenda kwa dada yake.

"Yaya," Mwila alimwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "juu ya nini unateseka? Dawa iko hapa ndani ya nyungu. Kunywa kwanza, njo uende."

Umba alikataa, kisha akafikiria lile shimo, akakubali. Mwila alichota, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema hii itatosha. Alikuwa anakadiria kwa ulimi siku zote, na kwa wateja wa kawaida ulimi ulitosha, maana mlevi hajali amefika darasa la ngapi. Umba alikunywa, akaenda, akaingia ofisini, na Kifaransa kikamjia kizuri kabisa. Alimweleza Théo kwamba jina lake ni Umba. Alimweleza kwamba hii ni meza. Kwamba paka yuko juu ya meza, kwamba mama anapika, kwamba mvua ikinyesha tunachukua mwavuli. Alijaribu kwa nguvu zake zote kufika kwenye shamba, jasho likamtoka, akafika kwenye ng'ombe. Théo alisema "très bien, papa," akafungua mtoto wa meza, akampa peremende.

Mwila aliposikia hayo alishika kichwa.

"Mawe! Darasa ya tatu! Nilizani iko ya diplôme!"

Ndipo walipomwita Gamaliel. Gamaliel alikuwa jirani, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, Mmethodisti wa ukoo wa Wamethodisti, mtu ambaye tone la pombe halijawahi kumgusa hata kwa bahati mbaya. Ua wake ulipakana na ua wa Mwila. Miaka mingi alikuwa amelala akisikiliza Kifaransa cha mtungi kupitia matete ya ukuta, na kama mwalimu alikuwa ameshapata mazoea ya kukisahihisha kimoyomoyo. Walipomweleza habari ya kaburi, alivua kofia.

"Minyi sinywe," alisema. "Wala sitaangalia nyungu. Nitakaa na kugeuka, nitasikiliza tu. Masikio haijakatazwa."

Akaleta kiti chake mwenyewe, akakaa ameupa mtungi mgongo, kofia magotini. Kutoka kwenye maabara ya shule yake ya zamani aliazima kijiti cha kioo, kile chenye risasi chini na mistari ubavuni, kinachoelea ndani ya pombe na kuonyesha uzito wake. Mwila alikitumbukiza mtungini. Kikasimama wima katikati ya machicha, hakikuzama wala hakikuelea, kama mwiko kwenye ugali wa bukari. Ikabidi wachuje kwa pazia mara nyingine. Sasa kikaelea, kikatoa namba, na Gamaliel aliposomewa namba hiyo akatikisa kichwa.

"Namba moja peke yake haina kazi, mama. Ilibidi tupime siku ya kwanza, ikiwa ingali tamu. Utamu unakibeba kioo juu. Pombe ikiiva, utamu unaondoka, kioo kinashuka. Nguvu ya pombe ni kule kushuka."

"Sasa hiyo njo ulimi wangu inafanyaka," Mwila alisema. "Sukari haipotee bure, mwalimu. Ikitoka mu pombe, inaenda kungojea kichwa ya muntu."

"Ni vile vile kabisa. Ila ulimi wako inasahau siku ya kwanza ilikuwa tamu namna gani."

Mwila alikubali hilo bila ubishi. Ulimi wake kweli ulikuwa na usahaulifu. Basi wakapika upya, wakapima uji ungali mtamu, wakapima tena kila asubuhi, Gamaliel akitoa hesabu kwa kichwa huku ametazama ukuta. Aliyejitolea kunywa alikuwa Djo, mtoto mkubwa wa Mwila, mbeba mizigo wa stesheni, ambaye kwa sababu ya hali ya treni alikuwa na nafasi. Kwa digrii mbili Djo alisoma alfabeti na kuomba ruhusa kwenda nje. Kwa digrii tatu na nusu aliandika barua ya kuomba kazi, ya mdomo, nzuri sana, hakuwa na wa kumpelekea. Kwa digrii tano alimkosoa Gamaliel jambo moja dogo, na Gamaliel alifikiri, akakiri kwamba Djo yuko sahihi.

"Tumefika graduat, miaka tatu ya chuo," alisema mwalimu bila kugeuka. "Hapa njo kwenye Chef Théo anakaa. Papa Umba anapaswa kumuzidi kidogo. Akimuzidi kidogo, Théo atamuheshimu. Akimuzidi sana, Théo hataelewa."

"Digrii sita?" Mwila aliuliza.

"Sita. Lakini tusisahau banc."

Hili la benchi ndilo jambo la maana, na mtu asiyejua ofisi za kwetu hawezi kulifikiria. Pombe hushuka kichwani mtu akikaa. Anayeingia ofisini na Kifaransa cha chuo kikuu asubuhi, akiketishwa kwenye benchi la nje mpaka jua liwe utosini, atabaki na Kifaransa cha katekisimu. Na Théo hakuwahi kufika kabla ya jua kuwa utosini. Kwa hiyo uchelewaji wa mkubwa lazima uingie kwenye pombe pamoja na kimea. Gamaliel alipiga hesabu ya kutembea, akaongeza ya benchi, akaongeza ya mkubwa kufika na kuanza kwanza kunywa chai. Jumla yake ilimfanya avue miwani. Mwila aliongeza kimea, akaongeza siku, akafunga mtungi kwa kamba kwa sababu kifuniko kilikuwa kinajiinua.

Ilipoiva, Djo alionja kijiko kimoja tu. Alisema sentensi moja. Gamaliel aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, akautazama mtungi.

"Hii nilisomaka tu mu vitabu," alisema. "Sijapata kuisikia mu kinywa ya muntu."

Asubuhi ile Umba alikunywa kipimo chake, akavaa koti la misa, wakaondoka, Gamaliel upande mmoja na Djo upande mwingine. Njiani Umba alizungumza na kila mti. Hawakuwa na wasiwasi. Benchi lilikuwa linawangoja, na benchi lingemshusha taratibu mpaka pale panapotakiwa.

Walipofika, Théo alikuwa ndani.

Alikuwa amefika tangu ofisi inafunguliwa. Kulikuwa na uvumi kwamba wageni kutoka Kinshasa watapita, na kila mtu mjini alikuwa kazini kwake, hata watu ambao kazi zao zilikuwa zimesahaulika. Wageni wenyewe hawakupita. Lakini Théo alikuwa mezani, amefunga tai, anatamani sana aonekane anahudumia mtu, na mtu wa kwanza aliyemwona kupitia mlangoni alikuwa Umba, anayejaribu kukaa kwenye benchi.

"Papa! Ingia, ingia!"

Gamaliel alisema wangengoja kidogo tu, hawana haraka. Théo alisema hakuna kungoja, ofisi hii haingojeshi watu. Maskini akiitwa na ofisi hawezi kuiambia ofisi isubiri. Umba alisimama, wino ukimtiririka kwenye vidole, akaingia.

Kilichosemwa mle ndani hakuna anayeweza kukirudia, kwa sababu kilikuwa kirefu na kilikuwa kizuri. Makarani walisimama mmoja mmoja bila kuambiwa. Umba alianza na ardhi kwa jumla, akapita kwenye wajibu wa walio hai kwa waliolala, akashuka kwenye shamba lake kwa ngazi ambazo hakuna aliyeziona, kila sentensi ikifungua mlango na kuufunga nyuma yake kwa upole. Théo aliitikia kwa kichwa. Alisema "effectivement," yaani ni kweli. Baadaye alisema tena "effectivement." Kisha Umba akamuuliza swali, akasubiri jibu.

Théo alimwegemea shemeji yake.

"Anasema nini?" alinong'ona.

Ézéchias alitazama dari. "Il salue," alisema, lakini safari hii hakuwa na hakika.

Sheria ilikataza mkalimani mwingine wa kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Kuhusu mkalimani wa kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa ajili ya mkubwa wa ofisi, sheria haikuwa imefikiria. Théo alitoka mlangoni akamwita Gamaliel, ambaye alikuwa amemfundisha zamani na hakuwa amempa alama nzuri.

"Mwalimu, nisaidie. Papa huyu iko nasema nini?"

Gamaliel alisimama kati yao. Umba alisema kwa Kifaransa, Gamaliel akamtafsiria Théo kwa Kiswahili, na walipofika penye kaburi akatafsiri kwa Kiluba, kwa sababu mambo mengine hayakai vizuri kwenye Kiswahili. Théo alisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote mtu wa ofisi alisikiliza na akaelewa, neno kwa neno. Macho yake yalilowa.

"Mama Kisimba?" alisema. "Ule mama wa karanga? Alikuwa ananijazia karanga mu mikono kila nikipita! Banachimba kwake?"

"Banachimba," alisema Gamaliel.

"Papa Umba iko na haki. Kabisa, kabisa! Hii ni haya!" Théo alipiga meza, na alipiga kwa moyo. Umba alimshukuru kwa Kifaransa, na Gamaliel alipoitafsiri shukrani hiyo makarani wawili waliinama. Halafu Théo alikaa chini. Alikaa muda, akikunja na kukunjua tai yake.

"Ila nitaandika nini?" alisema. "Siwezi kuandika kama bureau ilisikia mambo mu Kiswahili. Bureau haisikiaka Kiswahili. Tutaanza upya, papa. Mu Kifaransa, lakini kwenye shiye bote tutaelewana."

Jioni ileile Ézéchias alibisha kwenye ua wa Mwila akiwa na bidoni tupu ya manjano. Alisema ni chef aliyemtuma. Chef anaomba ya mtungi uleule wa Papa Umba, kipimo kilekile, na kama inawezekana wasimwambie mtu.

Mwila alimwambia kila mtu, lakini pombe alimpa. Kikao cha pili kilifanyika kwa uzuri mkubwa. Umba alikunywa, Théo alikunywa, wakakutana pale juu wanapojua wenyewe, na kwa asubuhi nzima walizungumza wakipeana nafasi na kuombana radhi, bila mtu mwingine yeyote ofisini kujua kinachoendelea. Gamaliel pekee aliwafuata, naye kwa shida. Alisema baadaye kwamba Théo alitoa uamuzi wa haki kuliko wowote aliopata kuusikia, na kwamba alipoutoa wote wawili walilia. Uamuzi uliandikwa, ukagongwa muhuri. Shamba ni la Umba, na karatasi ya Kalunga haina nguvu.

Mji ulichukua mfano. Siku hizi asubuhi kuna foleni kwa Mwila ya watu wanaokwenda ofisini, na kuna foleni nyingine, ya mlango wa nyuma, ya watu wanaofanya kazi ofisini. Kuna mtungi wa vyeti vya kuzaliwa, ambao ni mwepesi, na kuna mtungi wa kesi za ardhi, ambao unafungwa kwa kamba. Gamaliel anakuja na kijiti chake kila alfajiri, anakaa ameupa mtungi mgongo, anasema namba. Kanisa lake lilimwonya kwa mdomo. Kisha mchungaji Matthias mwenyewe alikuja, akasimama mbali kidogo, akaeleza kwamba kanisa lina shida ya mpaka wa kiwanja, na akauliza kama kuna ya digrii ndogo, ya kutosha mpaka tu. Ndani ya ofisi hakuna tena anayemuuliza mwenzake "anasema nini". Wote pale wamezaliwa kwa Kiluba, wote wanaamkiana kwa Kiluba wakitoka, na kuanzia saa za kazi mpaka zinapokwisha wanaongea Kifaransa ambacho nadhani hata wenye nacho hawakijui. Watu wanasema ofisi imekuwa na maelewano.

Kwenye kesi ya Umba ulikuwa umebaki utaratibu mmoja: uamuzi wa ardhi husomwa palepale kwenye ardhi, na mkubwa mwenyewe, mbele ya wanaohusika. Théo alikuja alasiri kwa pikipiki, amekwishakunywa, maana uamuzi ulikuwa wa juu na bila kunywa asingeweza kuusoma. Umba alikuja mkavu. Hakuona sababu ya kunywa; ameshashinda, na aliyeshinda hana haja ya kusema. Gamaliel naye alikuja.

Tshiala na vijana wake walikuwa ndani ya mashimo. Shimo la mbele sasa lilikuwa limefika kwenye mawe yaliyozunguka kaburi. Walipoona tai na muhuri walisimama kwa heshima, wakaweka sepetu chini. Théo alifungua karatasi, akasoma. Alisoma kwa sauti iliyotulia, akapandisha pale pa kupandisha, akaweka mkono kifuani pale pa kuweka. Umba alisikia jina lake likipita, likapita tena, na kila likipita alisimama wima zaidi. Alipomaliza, Tshiala alipanda kutoka shimoni.

"Papa," alimuuliza Umba kwa upole, "amesema nini?"

Umba alifikiri.

"Minyi nayo sijue," alisema. "Nilikuwa najua juzi."

"Amesema shamba ni ya Papa Umba!" alisema Gamaliel kwa sauti. "Muache kuchimba! Tokeni!"

Tshiala alikuna shingo. Alisema anamheshimu sana mwalimu, lakini hicho ni Kiswahili cha mwalimu. Kalunga amewaambia wasikilize karatasi, na karatasi haijasema Kiswahili. Akamgeukia Théo.

"Chef, ni kweli? Tuache?"

Théo alimjibu. Alimjibu kwa huruma, kwa urefu, akionyesha kaburi, akionyesha mbingu, akamshika Tshiala begani. Kila mtu aliona kwamba anasema jambo jema. Tshiala alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Gamaliel akasema ni ndiyo. Tshiala akasema angependa kuisikia kwa chef mwenyewe. Théo akaanza tena, kutoka mwanzo, na vijana waliona kwamba itakuwa ndefu, wakaokota sepetu zao.

"Tungoje imutoke," Gamaliel alimwambia Umba. "Atarudilia Kiswahili. Haitakawia."

Basi walikaa, Umba na Théo, kwenye mawe ya kaburi la Mama Kisimba. Théo alimshika Umba mkono, akaendelea kumfariji kwa Kifaransa. Nyuma yao udongo ulikuwa unatua kwenye chungu, sepetu baada ya sepetu. Umba aliutazama mdomo wa mkubwa kwa subira, akingoja neno analolijua. Jua lilishuka upande wa reli. Sentensi za Théo zikaanza kufupika, akafika kwenye mwavuli, akafika kwenye paka, akanyamaza. Akapangusa uso kwa tai. Akamtazama Umba, akatazama saa yake, na Kiswahili kikamrudia.

"Papa," alisema, "saa ya kazi imeisha. Kuya tena kesho."

Umba akamshukuru sana, maana hayo aliyaelewa yote.